JE, MWAFRIKA ALILAANIWA?



Umewahi kuambiwa tuna shida kwa sababu sisi ni wana wa Hamu? Fundisho hilo ni la zamani, na lilitumika kuhalalisha utumwa. Mwaka 1863 Mwingereza John Hanning Speke, yule aliyelipa Ziwa Victoria jina, aliandika kwamba Hamu alilaaniwa na babake awe mtumwa wa ndugu zake, na kwamba Mwafrika bado yuko hivyo.

Sasa fungua Mwanzo 9. Mstari wa 1, Mungu anambariki Nuhu na wanawe, Hamu akiwemo. Mstari wa 25, anayelaani ni Nuhu, pombe ikiwa ndiyo imemtoka. Tena anamlaani Kanaani. Ukisoma 10:6, Hamu ana wana wanne. Kushi, ambaye nchi yake ilikuwa kusini mwa Misri, hakulaaniwa popote hapo.

Mpendwa wangu hapa Embulbul, akija mtu kukuombea uvunjiwe laana ya Hamu, na anataka sadaka kwa M-Pesa kwanza, mwonyeshe mistari hiyo. Usilipie kufunguliwa kamba ambayo Mungu hakukufunga. Soma pia Wagalatia 3:13.

Mfundishe na mtoto wako. Amina?