Sindano ya Maziwa: Kabla Tuitamani Huku Turkana

Kila ukame ukituuma huku Lorugum, utasikia mtu akisema: si tuletewe ile sindano ya wazungu, ng'ombe watoe maziwa mengi? Sindano yenyewe ipo kweli. Lakini historia yake inafaa tuijue kwanza, juu watu walishikana mashati kwa sababu yake.

Ng'ombe ana homoni ya asili inayotoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo. Mwaka wa 1937, wanasayansi wa Muungano wa Kisovieti waliwadunga ng'ombe maji ya tezi hiyo na maziwa yakaongezeka. Shida ni kwamba ungechinja ng'ombe wengi kupata dawa kidogo tu. Miaka ya 1980 mambo yakageuka: jeni ya homoni iliwekwa ndani ya bakteria, na bakteria wakaitengeneza kwa wingi. Kampuni ya Monsanto ikaipa jina Posilac. Novemba 1993, FDA, shirika la Marekani linalosimamia chakula na dawa, likaipitisha. Sindano moja kila wiki 2, maziwa yanapanda kwa asilimia 10 hadi 15 hivi.

Hapo ndipo moto ukawaka. FDA ilisema maziwa hayo hayana tofauti ya maana na mengine. Wapinzani hawakuamini. Mwaka wa 1999 Kanada ikaikataa, na cheki sababu: wataalamu wake hawakuona hatari kubwa kwa mnywaji, waliona mateso ya ng'ombe. Ugonjwa wa kiwele, kuchechemea, kukosa kushika mimba. Umoja wa Ulaya nao ukapiga marufuku kuanzia 2000.

Kisha ikaja kesi ambayo mimi huipenda sana. Mwaka wa 2003, kampuni ya Oakhurst Dairy, jimbo la Maine, ilikuwa inaandika kwenye maziwa yake kwamba wakulima wake wameahidi kutotumia homoni za kutengenezwa. Monsanto ikaishtaki! Yaani unapelekwa kortini kwa kusema kile hujatia. Walielewana kabla ya hukumu: Oakhurst ikabaki na ahadi yake, ila ikaongeza maneno kwamba FDA haioni tofauti. Lakini wanunuzi walikuwa washaamua. Mwaka wa 2008 Walmart ikatangaza kuwa maziwa ya chapa yake yatatoka kwa ng'ombe wasiodungwa, na mwaka huohuo Monsanto ikauza biashara ya Posilac kwa Eli Lilly. Sheria ya Marekani haikuifunga. Watu wa kawaida madukani ndio waliipunguza nguvu.

Sasa turudi nyumbani. Homoni haitoi maziwa hewani. Inauambia mwili wa ng'ombe upeleke chakula zaidi kwenye kiwele. Ng'ombe wa Marekani alidungwa akiwa amewekewa lishe ya kutosha. Wetu je? Kati ya 2020 na 2022 mvua ilikosa misimu 5 mfululizo, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa nchini Kenya. Hao hawakukosa homoni. Walikosa nyasi na maji. Ukimdunga ng'ombe mwenye njaa, unamkamua mifupa.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Sisemi sindano ni sumu. Anayesema hivyo alete ushahidi. Nasema pesa zikipatikana, ziende kwanza kwa visima, nyasi kavu za akiba, daktari wa mifugo, na ngamia, ambaye bado anakamuliwa wakati ng'ombe amekauka.

Na hata kama huna mfugo, hili linakuhusu. Mama anayeuza maziwa ya ngamia kwa mtungi Lodwar, unaweza kumuuliza mnyama wake alikula nini na alitibiwa na nini. Pakiti iliyotoka mbali kwa lori huwezi kuiuliza. Mdomo wake ni lebo, na Oakhurst ilibidi iende hadi kortini ndiyo mdomo huo usifungwe. Basi tusome, na isipojibu, tuulize mwenye duka.