Kustaafu kwa Lazima: Neno la Kiingereza na Kaburi la Edmonton

Katika uwanja wa kanisa la All Saints, Edmonton, kaskazini mwa London, amezikwa karani aliyeitumikia Kampuni ya Uhindi Mashariki kwa miaka 33. Charles Lamb aliingia kazini mwaka 1792 akiwa na umri wa miaka 17, akatoka mwaka 1825 akiwa na miaka 50. Wasomaji wa fasihi ya Kiingereza humjua kwa insha alizozitia jina la Elia, na pengine kwa visa vya Shakespeare alivyowasimulia watoto pamoja na dada yake, Mary. Miongoni mwa insha hizo imo moja iliyochapwa katika jarida la London Magazine mwezi Mei 1825, wiki chache baada ya yeye kuacha kazi, yenye kichwa “The Superannuated Man”. Neno la katikati ya kichwa hicho linastahili kutazamwa kando ya neno letu kustaafu. Maneno haya mawili yalianza safari zao mbali kabisa, yakakutana mahali ambapo kinachoamuliwa si maana tu bali riziki ya mtu.

Kiingereza kina maneno kadhaa ya kutajia kilichopitwa na wakati. “Obsolete” huhusishwa na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuzoea. Kilicho “obsolete” ni kile ambacho mazoea yamekiacha. Kamusi kuu ya Oxford, iliyoanza kutolewa mwaka 1884, huliwekea neno la aina hiyo alama ya jambia, lakini hailifuti kitabuni. “Superannuated” ni neno kali zaidi. Katika Kilatini cha Zama za Kati, asili yake ilimtaja mnyama wa kufugwa aliyevuka umri wa mwaka mmoja. Kutoka zizini likahamia kwa watu: kwa mwanafunzi aliyezidi umri wa kubaki shuleni, kisha kwa mtumishi aliyedhoofika kazini. Hapa mazoea hayaulizwi. Inayohukumu ni hesabu ya miaka, na hesabu hiyo huwa mikononi mwa mwenye mifugo.

Kiswahili hugawa sifa za uzee kwa uangalifu. Nguo ni kuukuu na gari ni chakavu, lakini mji ni mkongwe, na Mji Mkongwe wa Zanzibar haudharauliwi kwa sifa hiyo. Nyimbo za zamani tunaziita zilipendwa, neno linaloweka kumbukumbu ya mapenzi ndani ya wakati uliopita bila kuzitukana nyimbo zenyewe. Kwa binadamu aliyemaliza utumishi tuna mstaafu. Kitenzi chake kimetoka Kiarabu, katika mzizi wa kusamehe na kuachilia, na katika umbo lake la asili humaanisha kuomba kuachiliwa, kuomba udhuru wa kuondoka. Kwa mujibu wa asili hiyo, anayestaafu ndiye mwenye kusema. Husimama mbele ya bwana wake akaomba ruhusa, na bwana humjibu. Tofauti na “superannuated”, ambalo ni tamko la mwenye kundi juu ya mnyama wake, kustaafu lilikuwa tamko la mtumishi mwenyewe.

Hata hivyo, asili ya neno haimlindi mtu. Katika utumishi wa umma wa Tanzania pana kustaafu kwa hiari katika umri wa miaka 55 na kustaafu kwa lazima katika umri wa miaka 60. Ukilirudisha neno kwenye mzizi wake, kustaafu kwa lazima ni kulazimishwa kuomba kuachiliwa. Istilahi ya kustaafishwa kwa manufaa ya umma inakwenda mbali zaidi: kiambishi cha kutendesha kimeingia ndani ya ombi, na mwombaji amegeuzwa kuwa mtendwa. Hilo si kosa la wasemaji. Lugha imefuata tu yaliyotokea ofisini, ambako kauli ilitoka kinywani mwa mtumishi ikahamia kwenye barua ya mwajiri.

Maisha ya Lamb yanaonyesha uhamisho huo kwa namna ya pekee. Mapema mwaka 1825 ni yeye aliyewaandikia wakurugenzi kuomba aondoke kwa sababu ya afya, akiambatanisha vyeti vya madaktari, kisha akangoja majibu kwa wiki kadhaa. Yaani alistaafu katika maana kongwe kabisa ya neno hilo. Lakini katika insha yake alibadili mpangilio. Msimulizi haombi chochote. Anaitwa chumbani mwa wakubwa huku akidhani anafukuzwa, akakuta wamekwisha kuamua kumpumzisha kwa malipo ya theluthi mbili ya mshahara wake. Aliyeishi kama mwombaji alijiandika kama aliyeamuliwa, na juu ya kisa akaweka neno la zizini. Pengine aliona kwamba ombi la karani, hata likiandikwa kwa adabu zote, halina uzito mpaka mwenye daftari atie saini. Insha inafuata furaha ya mtu huyo na bumbuwazi lake: siku zote za wiki sasa ni zake, naye hajui azifanyie nini.

Katika daftari hilo ndimo historia ya neno ilimogeukia. Pensheni ya Lamb ilikatwa pauni 9 kwa mwaka ili dada yake asikose posho endapo angebaki peke yake. Mary alisumbuliwa na maradhi ya akili. Mwaka 1796, katika kipindi cha ugonjwa, alimuua mama yao, na Charles akajitwika kumtunza maisha yake yote. Mwaka 1833 walihamia Church Street, Edmonton, katika nyumba ambayo wenyeji wake walizoea kuwahudumia wagonjwa wa namna hiyo. Charles alifariki tarehe 27 Desemba 1834. Mary aliishi hadi mwaka 1847, miaka zaidi ya 12 baada ya kaka yake, akazikwa naye kaburi moja. Makato yale madogo yaliandikwa wakati wote wawili wangali hai, na yalitambua kwamba kumaliza kazi kwa mtu mmoja ni jambo la nyumba nzima.

Mwaka huohuo wa 1834 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya “Superannuation” kwa watumishi wa serikali, ikapanga malipo kwa kufuata miaka ya utumishi. Neno lililomaanisha kuzidi umri likawa jina la fedha anayopewa aliyezidi umri. Sheria hiyo hata hivyo ilisema wazi kwamba haimpi mtumishi haki kamili ya kudai malipo. Ilichukua vizazi kadhaa kabla ya hisani hiyo kuwa deni. Leo nchini Australia, ambako mpango wa lazima wa akiba ya uzeeni ulianza mwaka 1992, neno hilo limefupishwa kuwa “super” na kila mfanyakazi analo mdomoni. Uingereza limerudi nyuma: kanuni za Huduma ya Taifa ya Afya za mwaka 1980 zililitumia, na zile za mwaka 1995 zikaweka “pension” mahali pake. Neno la kupitwa na wakati nalo limepitwa. Kwetu fedha hiyo ya mkupuo tunaiita kiinua mgongo, jina linalokiri kwamba mgongo uliinama na kwamba kuna anayepaswa kuuinua.

Mambo huwa magumu zaidi pale ambapo si mtumishi aliyezeeka, bali taasisi yenyewe imekufa. Kampuni ya Uhindi Mashariki ilinyang’anywa utawala wa India mwaka 1858 na kuvunjwa rasmi mwaka 1874; jumba lake la Leadenhall Street lilikuwa limekwisha kubomolewa. Lakini sheria iliyoiondoa madarakani ilihamishia madeni yake kwa serikali. Afrika Mashariki ilikutana na swali hilohilo mwaka 1977, Jumuiya ya kwanza ilipovunjika. Reli, posta, bandari na ndege zilizokuwa za nchi tatu ziligawanywa, na wafanyakazi wengi waliokuwa bado na nguvu wakajikuta wametumikia kitu ambacho hakipo. Mgawanyo wa mali na madeni, ulioongozwa na msuluhishi Mswisi Victor Umbricht, ulikamilika kwa makubaliano ya mwaka 1984, na kila nchi ikakubali kuwalipa raia wake pensheni zao.

Nchini Tanzania malipo hayo yaligeuka mgogoro mrefu. Wazee walikwenda mahakamani. Mwaka 2005 ikatiwa saini hati ya maridhiano, lakini ubishi juu ya hesabu haukuisha, na wazee wakaendelea kuandamana na kuketi barabarani Dar es Salaam. Magazeti yaliwaita wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Neno “iliyokuwa” ni la haki likielezea taasisi. Hatari ilikuwa kwamba lingeteleza hatua moja na kuwafunika watu, ili nao waonekane waliokuwa. Wazee wale hawakuwahi kuomba kuachiliwa, kwa hiyo katika maana ya asili hawakustaafu. Walichoomba ni kuhesabiwa.

Mfasiri akikutana na “superannuated” huenda akaandika “aliyepitwa na wakati”, na kamusi haitamlaumu. Lakini wakati hauandiki barua wala haukati mshahara. Nyuma ya kila aliyeambiwa amepitwa yupo aliyeamua, na lipo daftari lenye kuonyesha anachodaiwa mwamuzi huyo. Kwa Mary Lamb daftari hilo lilikuwa na pauni 9 zilizowekwa mapema. Kwa wazee wa Dar es Salaam lilifunguliwa mahakamani, wengine wao wakiwa wamekwisha kufa, na waliolifuata hadi mwisho walikuwa warithi wao.