Kinga ya Mama Mjamzito na Virusi Vinavyolala Mwilini
Mwaka 1881 mtaalamu wa patholojia Hugo Ribbert, alipochunguza kwa hadubini figo za mtoto aliyezaliwa mfu nchini Ujerumani, aliona seli kubwa kupita kiasi ambazo asili yake hakuijua, na ilipita zaidi ya miaka 70 kabla ya kuthibitika kwamba seli za namna hiyo ni alama ya virusi. Virusi vyenyewe, ambavyo maabara tatu za Marekani zilifanikiwa kuvikuza mwaka 1956 na 1957, leo huitwa sitomegalovirusi. Ni vya jamii ya hepesi, ambavyo vikishaingia mwilini havitoki tena, bali hujificha ndani ya seli bila kuzaliana mpaka kinga itakapolegea.

Je, mimba huilegeza kinga hiyo? Katika miaka hiyohiyo mwanabiolojia Mwingereza Peter Medawar alikuwa ameuliza, mwaka 1953, kwa nini mwili wa mama haukikatai kijusi ilhali nusu ya urithi wake hutoka kwa baba. Kati ya majibu matatu aliyoyapendekeza, lile la kwamba kinga ya mama hupoa ndilo lililoenea sana, na ndilo lililopotosha sana, kwa kuwa mjamzito huendelea kutengeneza kingamwili, yaani protini zinazopambana na vimelea, na humpitishia mwanawe kupitia kondo la nyuma. Kinachobadilika ni mpangilio wa kinga: seli T, ambazo kazi yake mojawapo ni kuua seli zilizoambukizwa, hudhibitiwa, hasa karibu na kondo, huku ulinzi wa aina nyingine ukiimarika.

Kuhusu sitomegalovirusi, ushahidi uliotikisa mawazo ya zamani ulitoka Birmingham, Alabama, ambako Sergio Stagno na wenzake walionyesha mwaka 1975 kwamba virusi hivyo huonekana kwa nadra kwenye shingo ya kizazi miezi ya mwanzo, kisha huongezeka kadiri mimba inavyokua, na mwaka 1977 wakathibitisha kwamba hata mama mwenye kingamwili tangu kabla ya mimba anaweza kumwambukiza mtoto tumboni. Jambo hili ni zito kwa Afrika Mashariki, ambako watu wengi huambukizwa wangali wadogo, hivyo wanawake wengi huwa tayari na kingamwili kabla ya mimba. Watoto wengi wanaozaliwa na virusi hivyo hawaonyeshi dalili yoyote, lakini baadhi yao hupoteza uwezo wa kusikia miaka kadhaa baadaye, na kipimo cha mate au mkojo kinachoweza kuthibitisha kwamba waliambukizwa tumboni hakina budi kuchukuliwa ndani ya siku 21 za kwanza.