Wanyika Wengi, Nyika Moja

Kaskazini ya kituo kikuu cha reli cha Guangzhou, kusini mwa China, ipo barabara iitwayo Guangyuan Xilu. Kando yake yamesimama majengo ya maduka ya jumla ya nguo na viatu, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 wafanyabiashara wa Kiafrika wamekuwa wakifika huko kununua bidhaa. Wengi wao walikuwa Wanigeria, lakini mnunuzi wa Kariakoo na mwenzake wa Gikomba nao huweza kukutana mbele ya rundo moja la suruali. Wakae pamoja kula, mmoja afungue wimbo wa "Sina Makosa" katika simu yake, na mabishano hayatakuwa mbali. Mmoja atasema hao ni Simba Wanyika. Wa pili atasema ni Les Wanyika. Atatokea wa tatu, pengine Mkongo wa Bukavu, aape kwamba ni Issa Juma na Super Wanyika Stars.

Aliyepatia ni wa pili. Lakini wenzake wawili hawakukosea sana, na kosa lenyewe halikuanzia katika masikio yao.

Asili ya yote ni Tanga. Ndugu wawili, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, walipiga muziki katika bendi ya Jamhuri Jazz ya mji huo katika miaka ya 1960. Mwaka 1970 wakahamia Arusha, wakaunda Arusha Jazz pamoja na ndugu yao William. Mwaka uliofuata wakavuka mpaka hadi Mombasa, na huko likazaliwa jina la Simba Wanyika. Baadaye walihamia Nairobi, ambako kulikuwa na studio, viwanda vya santuri na kumbi za dansi zilizojaa kila mwisho wa juma.

Mwaka 1978 kundi lilipasuka. Mpiga gitaa la kati Omar Shabani, ambaye mashabiki walimwita Profesa, aliondoka pamoja na mpiga besi Tom Malanga, mpiga ngoma Rashid Juma na mwimbaji Issa Juma. Walijiunga na Mtanzania mwingine, John Ngereza, aliyekuwa akipiga na bendi ya Wakongo. Bendi yao mpya wakaiita Les Wanyika.

Hapa inafaa kutua kidogo juu ya neno lenyewe. Katika "Simba wa Nyika", "wa" ni kiunganishi tu: simba anayekaa nyikani. Simba alipoondolewa, kiunganishi kikageuka kiambishi cha watu, na Wanyika wakawa kabila zima la wanamuziki. Wazee wa pwani hawakukosa kutabasamu, kwa kuwa "Wanyika" ndilo jina ambalo watu wa mijini waliwaita kwa dharau majirani zao wa bara, mpaka wenyewe walipojitambulisha kwa jina la Mijikenda katika miaka ya 1940. Tena "Les" ni alama ya wingi katika Kifaransa, kwa hiyo bendi hii ilikuwa na wingi mara mbili: mmoja wa Kinshasa, mwingine wa Kiswahili! Haikuwa ujinga. Nairobi ya wakati ule ilivutiwa na chochote kilichonukia Kongo. Les Mangelepa walikuwapo, Les Kinois walikuwapo, na Watanzania nao wakaona heri wavae kanzu ya Kifaransa.

Kwa nini basi hawakutafuta jina jipya kabisa? Kwa sababu jina ndilo lililokuwa mtaji wao. Vijana waliotoka kwa Kinyonga waliacha nyuma bendi iliyokwisha jengwa. Walichoweza kuchukua ni ufundi wao na nusu ya jina ambalo msikilizaji alikwisha lizoea. Na msikilizaji huyo mara nyingi hakuwa na macho ya kumsaidia. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa mwaka 1977, mwaka ule ule Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na haukufunguliwa hadi 1983. Shabiki wa Tanga au Moshi hakuweza kwenda kwa urahisi kuwaona Watanzania wenzake wakipiga Nairobi. Alibaki na redio, na mtangazaji akitamka jina upesi upesi kati ya wimbo na wimbo, kilichofika nyumbani ni "Wanyika" tu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Issa Juma naye akaondoka, akaunda Super Wanyika. Huyu ndiye aliyewachanganya watu kuliko wote. Santuri zake zilitoka kwa jina la Super Wanyika Stars, Wanyika Stars, Waanyika, hata Wanyika Super Les Les. George Kinyonga kwa upande wake alirekodi pia kwa jina la Jobiso. Tanzania yenyewe ilikuwa na mkasa wa kinyume: NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ikawa JUWATA, kisha OTTU, kisha Msondo Ngoma, bendi moja, majina mengi, kwa kadiri chama cha wafanyakazi kilivyobadilika.

Anayejua kusikiliza hahitaji jina. Sauti nzito ya Issa Juma haifanani na ya Ngereza, na besi ya Malanga ina namna yake ya kunyamaza kidogo, kisha kurudi, kama mtu anayefikiri kabla ya kujibu. Lakini malipo hayafuati besi, hufuata maandishi. Pale lebo ilipotaja bendi peke yake, mpiga gitaa aliyehama bendi tatu alikuwa na kazi ngumu ya kuthibitisha kwamba vidole vile ni vyake, na leo nyimbo zikipangwa katika intaneti kwa majina ya bendi, kazi hiyo imerithiwa na watoto wake. Wengi wao hawapo tena kueleza. George Kinyonga alifariki mwaka 1992, Wilson mwaka 1995, na John Ngereza mwaka 2000.

Mwaka 2010 kampuni ya Sterns ya London ilikusanya nyimbo za Super Wanyika Stars za miaka ya 1982 hadi 1986, ukiwamo "Sigalame II", unaomhusu yule mtu aliyetoweka, kisha ikasikika kwamba anafanya biashara asiyoijua mtu. Issa Juma alikuwa amekwisha fariki. Jalada lilitanguliza jina lake, ndipo likafuata la bendi.