Nyumba ya Udongo Haitaki Kuachwa

Thimlich Ohinga si mbali sana na Sori. Kuta zake za mawe, yaliyopangwa bila saruji wala tope, zinakadiriwa kujengwa karne ya 16, na mwaka 2018 UNESCO iliziingiza katika Urithi wa Dunia. Lakini ukishaingia bomani utajiuliza: sasa watu walilala wapi? Nyumba zao zilikuwa za miti na udongo. Zimebaki alama tu ardhini.

Jiwe hustahimili kuachwa, udongo hapana. Kwa Wajaluo, wanaume walisimamisha nguzo na kufunga fito, kisha wanawake wakakandika na kupaka, kazi iitwayo muono. Mvua ikishapita, wanarudi na udongo, samadi na majivu kuziba nyufa. Ukuta huo hunyonya joto la mchana na la moto wa jikoni, ukalitoa polepole usiku. Mabati hayajui hiyo kazi: mchana yanachoma, usiku yanapoa mara moja.

Wakoloni walipoleta kodi, walihesabu nyumba. Mwenye wake watatu, kila mmoja na nyumba yake, alilipia tatu. Baadaye mabati yakawa dalili ya mshahara, na udongo ukawa aibu.

Siku hizi asiyemudu matofali huipaka nyumba ya udongo saruji. Kutoka barabarani inapendeza kweli! Ila saruji ni ngumu, nao udongo huvimba na kusinyaa. Ufa ukitokea maji huingia, yanakosa pa kutokea, na nguzo zinaoza kimyakimya. Ujerumani, kwenye nyumba za kale za mbao na udongo, kosa hilohilo lilifanyika karne ya 20. Leo mafundi wanabandua saruji na kurudisha udongo na chokaa.

Dawa basi ni rahisi: msingi wa mawe, paa lenye upenu mrefu, udongo uliochanganywa mchanga na samadi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walishasema.

Lakini nani atauziba? Msichana yuko shuleni, mama yuko sokoni na omena yake. Tukiri tu: nyumba ya udongo ilikuwa rahisi kwa sababu mikono ya wanawake haikulipwa. Fundi wa saruji tunamlipa kwa siku bila kubishana. Tukitaka nyumba hizi zisibaki alama ardhini kama zile za Thimlich, mama wa muono naye alipwe.