Njia ya Maji na Njia ya Mzigo: Historia ya Udhibiti wa Maji ya Mvua Mingoyo na Pwani ya Lindi

Mingoyo ni mji mdogo uliokaa mahali ambapo Mto Lukuledi unakaribia kuingia katika hori ya Lindi. Upande wa kusini umepakana na miinuko inayopanda kuelekea uwanda wa juu wa Makonde, na upande wa kaskazini, mbali kidogo, uko uwanda wa Rondo. Kwa hiyo bonde la Lukuledi ni kama mfereji mpana uliochimbwa na maumbile kati ya miinuko miwili. Pwani hii ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kumalizika Aprili au Mei, tofauti na pwani ya kaskazini inayogawana vuli na masika. Hiyo ina maana kwamba ardhi hupokea karibu maji yake yote ya mwaka katika miezi michache, ikiwa imekauka na kuwa ngumu baada ya kiangazi kirefu cha kusi.

Insha hii inachunguza namna maji hayo yalivyoshughulikiwa tangu zama za miji ya mawe ya Kilwa hadi miaka ya karibuni. Hoja yake ni kwamba tangu mwisho wa karne ya 19 kazi kubwa za ujenzi katika pwani ya Lindi zilipangwa kwa ajili ya kupitisha mzigo, yaani pamba, mkonge, karanga na korosho. Maji ya mvua yaliingia katika mipango hiyo kama adui wa barabara na reli, akafukuzwa kutoka penye njia bila kuulizwa aendako. Mingoyo, ambayo ni njia panda ya kwenda Lindi, Mtwara na Masasi, inaonyesha jambo hili waziwazi kuliko miji mikubwa.

Ni vema kueleza kwanza jinsi maji yanavyotenda mahali kama hapa. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya paa la bati lenye eneo la mita za mraba 80, humwaga lita 4,000 uani. Mvua hiyohiyo ikinyesha juu ya kilomita moja ya barabara ya lami yenye upana wa mita 7, huleta lita 350,000, na karibu yote hukimbilia kwenye mitaro, kwa kuwa lami hainywi maji. Katika kilima chenye miti na majani sehemu kubwa ya mvua ingezama ardhini na kutoka polepole kwenye chemchemi. Lakini hesabu hiyo haitoshi, kwa sababu hori ya Lindi inapanda na kushuka na bahari. Siku za bamvua tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani hii huzidi mita 3. Mvua kubwa ikiangukia saa ambayo bahari imejaa, mdomo wa mtaro unakuwa chini ya maji ya hori, na maji ya mjini hukosa pa kwenda mpaka bahari ianze kupwa. Mtaro uliochimbwa vizuri kabisa huweza kufurika kwa sababu hiyo tu. Wavuvi na wenye mashamba ya mpunga katika mabonde ya pwani hawahitaji kuelezwa jambo hili. Wahandisi waliopita hapa wakati wa maji kupwa ndio waliolihitaji.

Wajenzi wa kale wa pwani walilifahamu. Kilwa Kisiwani, kilomita nyingi kaskazini mwa Lindi, haina mto, na maji matamu yalipatikana kwa visima. Nyumba za mawe za karne ya 14 na ya 15, huko na katika kisiwa jirani cha Songo Mnara, ziliezekwa kwa dari bapa za chokaa na kujengwa kuzunguka nyua zilizochimbwa chini kidogo ya usawa wa vyumba. Paa bapa likikosa mteremko na njia ya kutolea maji huoza kwa msimu mmoja, hivyo mjenzi hakuweza kufikiria nyumba bila kufikiria maji. Husuni Kubwa, jumba lililojengwa wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta akitawala alipofika Kilwa mwaka 1331, lina birika la kuogea lenye pembe nane lililochimbwa katika matumbawe. Huo ulikuwa ustadi wa nyumba moja moja na misikiti. Hakuna sababu ya kuudhania kuwa mpango wa maji wa mji mzima, ingawa waandishi wanaoisifu Kilwa mara nyingine huufanya hivyo.

Jumba hilohilo limekuwa shahidi wa pili wa historia hii. Husuni Kubwa limejengwa ukingoni mwa genge la bahari. Paa zilipoanguka na sakafu kupasuka, maji ya mvua yalianza kupita ndani ya kuta na kuteremka gengeni, yakichukua udongo ulioshikilia misingi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na maji ya mvua yakatajwa pamoja na mawimbi ya bahari miongoni mwa sababu. Yaliondolewa katika orodha hiyo mwaka 2014, baada ya kazi ya kuimarisha kuta na kuzuia mmomonyoko. Ni vigumu kupata katika pwani ya kusini mfano mwingine wa maji ya mvua kupewa uzito wa namna hiyo na taasisi za kitaifa na za kimataifa, na inafaa kukumbuka kwamba uzito huo ulitolewa kwa majengo yasiyokaliwa na watu.

Wajerumani waliiteka Kilwa na Lindi Mei 1890. Lindi ikawa makao ya utawala wa wilaya, na bonde la Lukuledi likawa njia kuu ya kuingia bara. Mashamba ya mkonge yalifunguliwa kando ya hori na kando ya bonde, kwa kuwa majahazi na matishari yangeweza kuufikia mzigo humo. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia bonde hilo liligeuka uwanja wa mapigano. Mapambano ya Mahiwa na Nyangao ya Oktoba 1917 yalikuwa kati ya yale yaliyomwaga damu nyingi zaidi katika Afrika Mashariki. Mingoyo ilikuwa mwanzo wa reli nyembamba iliyofuata bonde kuelekea Ndanda, na reli hiyo iliendelea kubeba mzigo katika miaka ya 1920. Reli ya namna hiyo hufuata ardhi tambarare ya bondeni, ambako ujenzi ni wa gharama ndogo. Ardhi hiyohiyo ndiyo ambayo mto huitandaza maji yake unapojaa.

Utawala wa Waingereza ulileta sheria. Sheria ya Miji ya mwaka 1920 na kanuni zilizofuata ziliipa serikali mamlaka ya kusimamia usafi, ujenzi na mitaro katika miji iliyotangazwa rasmi. Msukumo mkubwa wa mitaro ya zama hizo ulikuwa malaria. Maji yaliyotuama yalihesabiwa kuwa kitalu cha mbu, na mtaro wa saruji ulikuwa kazi ya idara ya afya kabla ya kuwa kazi ya mhandisi. Kwa hiyo mitaro ilijengwa kwanza pale ambapo afya ya maofisa na ya wafanyabiashara ilikuwa mashakani. Dar es Salaam, yenye kanda zake za Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, ndiyo inayojulikana zaidi kwa ubaguzi huo. Katika wilaya za kusini mstari ulipita zaidi kati ya mji uliotangazwa na makazi ya nje yake. Vijiji vilivyokua kwenye njia panda, kwenye mashamba ya mkonge na kwenye vivuko havikuwa mji kwa maana ya sheria, basi havikustahili mtaro.

Kisha ukaja mpango wa karanga. Kuanzia mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilimwaga fedha nyingi Kongwa, Urambo na Nachingwea ili kupata mafuta ya kula. Kwa ajili ya Nachingwea ilihitajika reli na bandari ya kina kirefu. Mtwara ndiyo iliyochaguliwa kuwa bandari, lakini kwa kuwa haikuwa tayari, reli ilianzia Mkwaya, kando ya hori ya Lindi, karibu na Mingoyo. Treni zilifika Nachingwea mwaka 1949. Mapema mwaka 1951 mpango wenyewe ukatangazwa kuwa umeshindwa. Gati la Mtwara lilifunguliwa mwaka 1954, makao ya Jimbo la Kusini yakahamishwa kutoka Lindi kwenda Mtwara, na reli ikafungwa mwaka 1962. Kati ya hayo, Aprili 1952, kimbunga kilipiga pwani karibu na Lindi na kuuharibu mji vibaya.

Mfuatano huu husimuliwa kama mkasa wa uchumi, na ni kweli kwamba ni mkasa wa uchumi. Kwa historia ya maji una maana nyingine. Tuta la reli likikatiza bonde ni bwawa lenye matundu, na matundu yake ni makalavati na madaraja yanayotakiwa kuzibuliwa kila mwaka kabla ya mvua. Shirika linapoondoka huondoka na wazibuaji. Ukitoa reli na kuliacha tuta, maji hayapewi tena njia. Ukiacha tundu lizibe, maji hutafuta njia pengine, na kwa kawaida huipata shambani au uani kwa mtu ambaye hakuwahi kupanda treni.

Baada ya Uhuru makazi yenyewe yalisogezwa. Mikoa ya kusini, iliyokuwa jirani na vita vya ukombozi vya Msumbiji, ilikuwa miongoni mwa ya kwanza kuhamishiwa watu katika vijiji kwa wingi, na baada ya agizo la Novemba 1973 lililotaka kila mwananchi wa vijijini awe kijijini ifikapo mwisho wa 1976, zoezi likaenea nchi nzima. Vijiji vingi vilipangwa kando ya barabara ili shule, zahanati na lori la korosho viweze kuvifikia. Kabla ya hapo watu wa pwani ya kusini waliishi wakiwa wametawanyika, kila kaya ikiwa na mikorosho yake. Kuhama kuliacha mikorosho mbali na kuzisogeza nyumba karibu na mtaro wa barabara. Wanahistoria wa uchumi wamelieleza anguko la zao la korosho lililofuata. Upande wa maji haujaelezwa vya kutosha. Mamia ya nyua zilizofagiliwa na kukanyagwa hadi kuwa ngumu ziliwekwa sambamba na mtaro ambao ulikadiriwa kupokea maji ya barabara peke yake.

Makuti yalipobadilishwa kuwa bati mzigo wa maji uliongezeka tena. Makuti hunyonya mvua ya kwanza na kuidondosha taratibu, lakini bati huimwaga yote mara moja. Ni maendeleo ambayo hakuna mkazi angeyakataa, na hapana sababu ya kumtaka ayakatae. Kilichokosekana ni gata na pipa, au simtangi, ambavyo vingeyafanya maji hayohayo kuwa akiba ya kiangazi katika pwani ambayo visima vyake vingi vina chumvi.

Barabara ya lami kati ya Dar es Salaam na Lindi ilichukua miongo. Daraja la Mkapa katika Mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, na kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 hivi za ardhi ya mfinyanzi inayovimba ikilowa, kilikuwa miongoni mwa vya mwisho kukamilika. Kukamilika kwake kuliupa mkoa uhai mpya, na kukaufanya utegemee njia moja. Januari 2020 mafuriko ya mito katika Wilaya ya Kilwa yaliua watu wasiopungua 20 na kuwaacha maelfu bila makazi. Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya na mvua zilizoambatana nacho, barabara ilikatika katika eneo la Somanga, na magari ya kwenda na kutoka mikoa ya Lindi na Mtwara yakakwama. Maji hayakupanda juu ya barabara tu, bali yalichimba tuta kutoka pembeni na kulibeba. Namna hiyo ya kuvunjika huonyesha kwamba matundu yaliyoachwa kwa ajili ya maji yalikuwa madogo au machache kuliko mto uliokuja.

Sheria za leo si haba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mto au ufukwe. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatambua mabonde, na Lukuledi iko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, yenye makao Mtwara. Barabara kuu ni ya TANROADS. Barabara za mitaa, tangu 2017, ni za TARURA. Viwanja na ramani za makazi ni kazi ya Manispaa ya Lindi, na mikoko ya hori iko chini ya mamlaka ya misitu.

Ukifuata tone moja la mvua kutoka mlimani hadi baharini katika mji wa njia panda, ugawaji huo unaonekana vizuri. Juu kabisa, lilipoangukia shambani, ni la mwenye shamba na bodi ya bonde. Likifika kwenye lami ni la TANROADS mpaka litoke upande wa pili wa kalavati. Likiingia mtaa wa pembeni ni la TARURA. Kutoka hapo hadi kwenye mikoko lina mita mia kadhaa za kupita, kati ya nyumba na bustani za mchicha, mahali ambapo pana mkondo lakini hapana mtaro, na ambapo mchanga uliosombwa kutoka juu hutua na kuuinua mkondo mwaka baada ya mwaka. Makadirio ya ujenzi wa barabara huishia kwenye ukingo wa hifadhi ya barabara. Kipande kinachobaki huchimbwa kwa jembe na wakazi wenyewe, mwezi wa Novemba, kila nyumba mbele ya uwanja wake, na kina cha mfereji hutegemea nguvu za aliyepo nyumbani.