"Tumefunza wahudumu wa afya": ahadi inayorudi kila msimu

Mdahalo wa kaunti ukifika kwenye afya, lazima mtu aseme, "Tumefunza wahudumu elfu kadhaa." Makofi. Mpinzani wake anajibu kwamba zahanati haina dawa, na mara nyingi wote wawili wanasema ukweli. Mimi nasoma sayansi ya siasa, si udaktari, lakini hii hoja ina historia yake. Twende polepole.

Mwaka 1978, mkutano wa Alma-Ata, wakati huo ndani ya Muungano wa Kisovieti, ulikubaliana kwamba huduma ya afya ianzie pale watu wanapoishi. Huku kwetu, Saradidi kule Siaya, wanakijiji walichagua wasaidizi wa afya kutoka miongoni mwao, wakafunzwa, na miaka ya mwanzo ya 80 walikuwa wakitoa klorokwini kwa wagonjwa wa malaria hapohapo kijijini. Shika hiyo sehemu ya kuchaguliwa. Msaidizi akizembea, jirani alijua mlango wa kubisha.

Halafu Desemba 1989 serikali ikaanza kutoza ada katika vituo vyake. Hebu fikiria: unamfunza mtu amwelekeze mama kituoni, na mama hana pesa ya kuingilia. Ada zilipunguzwa 2004 hadi shilingi 10 kwa zahanati na 20 kwa vituo vya afya, kisha zikaondolewa 2013.

Mwaka 2006 ukaja Mkakati wa Afya ya Jamii, na hapa ndipo pa kukaa kidogo. Hesabu yake ilikuwa safi: kila watu 5,000 wawe na wahudumu 50 wa kujitolea, na maafisa 2 walioajiriwa na serikali wa kuwasimamia. Yaani afisa mmoja, watu 25. Huyo afisa ndiye aliyepaswa kuona kama yaliyofunzwa darasani yanafanyika nyumbani kwa watu: nani amepima mtoto vibaya, nani ameacha kutembelea boma, nani amejaza rejista akiwa amekaa kwake. Lakini afisa anahitaji mshahara, pikipiki na mafuta kila mwezi. Semina ni ya siku chache, ina picha, na mara nyingi kuna mfadhili. Kwa maoni yangu, ndiyo maana semina huwa ya kwanza kupata pesa.

Kisha Katiba ya 2010. Fungua Jedwali la Nne. Vituo vya afya ni vya kaunti. Sera ya afya, pamoja na kuzijengea kaunti uwezo, ni kazi ya serikali kuu. Kwa hivyo sera na msaada wa mafunzo vinaweza kutoka Nairobi, ila anayemlipa muuguzi na kuuliza kwa nini leo hakufika kazini ni kaunti. Hapo ndipo kila upande unapata pa kusukumia lawama, na kusema kweli wanapatumia vizuri sana.

Majina nayo yamebadilika. CHW wakawa CHV, na sasa ni CHP. Septemba 2023 wahudumu 100,000 walizinduliwa wakiwa na mikoba ya vifaa: kipima joto, mashine ya presha, ya sukari, mizani, na simu ya kurekodi data. Posho ikapangwa kuwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu, nusu kaunti. Baada ya miaka mingi ya kujitolea, hiyo ni hatua, tusiwe wachoyo wa sifa. Lakini posho yenye walipaji wawili mnajua inavyokwenda: mmoja akichelewa, mwingine ana sababu.

Mwaka huohuo ilipitishwa sheria ya kuruhusu vituo vya umma vibaki na pesa vinazokusanya na kuzitumia. Msimamizi wa kituo anaweza kununua glavu bila kungoja makao makuu ya kaunti, mradi kaunti yake iifuate.

Kwa hivyo ukikutana na bajeti ya kaunti yako, usiishie pale palipoandikwa "mafunzo". Tafuta mafuta ya pikipiki ya yule afisa.